Wa Kuita na wa Kuitikia

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, namwomba aliye karibu na ile feni aizime. Joto tutalivumilia. Na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na chai, sogeeni mbele, chai haitakimbia. Sauti yangu ndiyo hii mnayoisikia, hakuna nyingine niliyoiacha nyumbani. Ahsanteni. Wenye kusalimiwa kwa amani nawatakia amani, na wenye kumsifu Bwana kwanza wamsifu, mi nasubiri.

Haya.

Mama anayeongoza kikundi chetu ameniambia kwamba hapa hatutaji majina, si ya wagonjwa, si ya madaktari, wala si ya majirani waliotuudhi. Nimekubali, ingawa kuna jirani mmoja nilikuwa nimemwandalia maneno mazuri. Basi mwenzangu nitamwita mwenzangu tu. Mmemwona akiingia, yule mrefu mwenye gitaa la besi mgongoni, aliyeinama asigonge kichwa mlangoni. Yuko pale ukutani, na nimemkataza kucheka.

Mi ni mtoto wa Bwiza, mtaa huuhuu. Babu yangu amezikwa mji huu, baba yangu alifungua karakana mji huu, na mi natengeneza redio na ampli mu kibanda kidogo ambacho wengi wenu mnakipita kila siku. Lakini watu hawakunijua kwa redio, walinijua kwa sauti. Nikiwa mtoto, siku za Maulidi, mwalimu wa madrasa alikuwa ananisimamisha mbele. Mi naita kaswida, wenzangu wanaitikia, dufu zinalia. Wanawake walikuwa wanatoka majikoni kuja kusikiliza. Kwa hiyo toka utotoni mi nilikuwa wa kuita. Kuitikia niliona ni kazi ya wale ambao Mungu hakuwapa kitu, na naomba mlishike hilo neno, tutalirudia.

Mwenzangu yeye ni wa Uvira, hapo ng'ambo ya mpaka. Vita viliwatoa kwao, yeye na mama yake, wakapanga chumba Buterere. Huko Uvira alikuwa anaimba kwaya, ile sauti ya chini kabisa ambayo watu hawaisikii mpaka siku isipokuwepo. Sasa, Buterere mnaijua. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanatoka kwenye mashamba ya mpunga yanakuja kulala na watu. Mwaka mmoja yakaingia kwao. Yeye anasema aliokoa mama yake kwanza, halafu godoro, halafu ampli. Mama yake anasema ampli ilitangulia.

Hiyo ampli ndiyo aliniletea, bado inatoa tope. Niliifungua, nikaisafisha, nikaianika juani, nikaunga upya nyaya zilizooza. Aliporudi kuichukua nikamwambia aijaribu hapohapo, asije kunilaumu kesho. Akachomeka besi, akapiga reggae. Mnajua besi ya reggae ilivyo. Inasema neno, halafu inanyamaza, inakuachia nafasi. Mi nilikuwa nimeshika bisibisi, nimeinamia redio ya mteja. Sijui nilianza vipi, ila nilijikuta nimeshaijaza ile nafasi kwa sauti yangu.

Akaacha kupiga. "We kaka, iyo sauti umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Na we, iyo besi?"

"Mu kanisa."

"Basi mi na we tutafukuzwa pande zote mbili," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Hatukufukuzwa popote, ila tangu siku hiyo tukawa wawili. Wimbo wetu wa kwanza ulitoka kwenye ile ampli. Mi naita, "Maji yameingia," yeye anaitikia, "Hayakubisha hodi." Yameingia jikoni. Hayakubisha hodi. Yamekaa kitandani. Hayakubisha hodi. Yeye alikuwa na maneno hayo mawili tu, wimbo mzima. Nilishamwambia mara nyingi ajaribu kuita hata ubeti mmoja, akawa anakataa. "Mi ni wa kuitikia," ananijibu. Na mi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi anavyokataa.

Ule wimbo ulitupandisha. Tulianza kwa harusi za hapa Bwiza, tukaitwa kwenye baa za Carama Jumapili mchana, redio ikaushika, na siku moja nikasikia wauza samaki wa ndagala sokoni wanaitikiana kwa maneno yetu wakipimia wateja. Vita vilipotulia tulivuka mpaka tukapiga Uvira kwao, mama yake amekaa mbele kabisa na kitenge kipya, anawaambia watu wa pembeni yake kwamba ile ampli aliiokoa yeye. Watu wakawa hawasemi jina langu wala lake. Walisema "wale wawili".

Sasa kuna desturi yetu moja lazima niwaeleze, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Mi mwezi wa Ramadhani siimbi jukwaani. Yeye ni Mkatoliki wa kwelikweli, Kwaresima hagusi tafrija. Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Ramadhani imefika, we endelea, tafuta mutu mwingine kwa huu mwezi." Akanijibu, "Apana. Ukifunga, tumefunga." Kwaresima ilipofika, mi nikasema vilevile. Kwa hiyo kila mwaka tulikuwa tunanyamaza mara mbili, na wenye kumbi walikuwa wanashika vichwa. Kuna mwaka mifungo ilikutana, tukasema mwaka huo Mungu ametupunguzia. Lakini hatukukaa bure. Alikuwa anakuja kibandani na besi yake, anapiga polepole bila maneno, na mi namsikiliza. Nyimbo zetu zote nzuri zilitoka kwenye miezi hiyo ya kufunga mdomo. Na jioni ya mwisho ya Ramadhani, yeye Mkristo ndiye alikuwa wa kwanza kutoka nje kutafuta mwezi, kwa sababu alikuwa na hamu ya kupiga kuliko mi niliyekuwa na njaa.

Halafu ndiyo ukaja uvimbe. Hapa, shingoni. Mwanzoni nilidhani ni kunenepa, mke wangu anapika vizuri. Ukakua. Ukaanza kunibana nikilala. Daktari, na huyu sina neno baya juu yake hata moja, alinikalisha akaniambia kwa upole kwamba lazima utoke, na kwamba umeukumbatia mshipa unaoendesha sauti. Alisema, "Tutajitahidi, lakini ujue." Nilimjibu najua. Sikujua kitu. Ukimwambia mutu ambaye hajawahi kupoteza sauti kwamba huenda akaipoteza, anaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu anaisikia bado iko.

Niliamka baada ya upasuaji, nikataka kumwambia mke wangu nina kiu. Midomo ilitembea. Kilichotoka ni upepo.

Tulingoja wiki, tukangoja miezi. Ule upepo ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukagoma hapo. Daktari akaniambia mshipa umelala, na hadhani kama utaamka.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho wengine hapa mnakijua. Ukinong'ona, watu nao wananong'ona. Nilikwenda dukani kuomba sukari, mwenye duka akainama juu ya meza, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaninong'oneza, "Kuna nini?" Alidhani nina siri. Cheka, cheka, na mi leo nacheka. Siku ile nilirudi nyumbani bila sukari. Wateja wa kibandani waliniuliza bei kwa kunong'ona kama vile redio zao ni za wizi. Niliacha kwenda msikitini Ijumaa. Sikuwa nimemkasirikia Mungu, nilikuwa naionea aibu "amina" yangu. Na nyumbani, bila mutu kupanga, wote wakaanza kunong'ona. Binti yangu mdogo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, basi akajifunza kwa kunong'ona. Akitaka maji, ananong'ona. Akigombana na paka, ananong'ona. Siku nilipoligundua hilo niliingia chumbani nikalia, na hata kilio changu hakikuwa na sauti. Hapo ndipo nilipoanguka, kama mnataka kujua mahali penyewe.

Mwenzangu aliendelea kuja. Kila siku anayopumzika, anatoka Buterere, anaegemea ukuta wa kibanda changu, anapiga. Anapiga "Maji yameingia", na pale nilipokuwa naita, ananyamaza. Anaacha ile nafasi wazi, ikipita ndiyo anaendelea. Nilikuwa naiona ile nafasi kama jino lililong'oka. Siku moja mwenye ukumbi mmoja mkubwa alimwambia kwamba amepata kijana wa kuita, sauti tamu, waanze upya wao wawili. Habari zikanifikia. Nikamwambia mwenzangu, "Nenda. Mi nimekwisha. Usinihurumie."

"Mi sikuhurumii," akasema. "Mi nimefunga."

"Umefunga nini?"

"We umefunga mdomo, na mi nimefunga. Si ndiyo desturi yetu? Hii ni Ramadhani tu, ila imekuwa ndefu."

Nilikasirika. Nilimwambia kwa huu upepo wangu, "Ramadhani ina Idi yake. Hii Idi yake iko wapi?"

Akainama kwenye nyuzi zake, akasema, "Mwezi bado hatujauona. Mi bado naangalia."

Nilimfukuza. Ndiyo, nilimfukuza kibandani kwangu, mutu ambaye alikataa ukumbi mkubwa kwa ajili yangu. Alienda. Na siku yake ilipofika akarudi, ila safari hii hakuja kibandani. Alikuja nyumbani, akamwomba mke wangu ruhusa ya kukaa uani. "Shemeji, kule mu kibanda nimefukuzwa," akamwambia. "Huku bado hajanifukuza."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka, na hapakuwa na malaika wala dawa. Ilikuwa mchana. Mke wangu amekaa mlangoni na ungo, anachagua mchele. Huyu mama hajawahi kujali muziki. Tulipokuwa juu kabisa, redio ikiupiga wimbo wetu, yeye alikuwa anauliza kama leo nitanunua mkaa. Mi nilikuwa ndani, nimelala, nimeelekea ukutani. Mwenzangu akaanza kupiga ule wimbo. Ile nafasi ya kwanza akaiacha, kama kawaida yake. Ya pili akaiacha. Ya tatu, sijui ni nini kilimwingia, akafungua mdomo akaita mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliita kwa ile sauti yake ya chini, ya kutetemeka, ya mutu asiyejua kama anaruhusiwa.

"Maji yameingia..."

Na pale mlangoni, bila kuinua macho kwenye mchele wake, kwa mnong'ono ule wa nyumba yetu, mke wangu akaitikia, "Hayakubisha hodi."

Ilikaa pale pale kwenye nafasi yake. Haikutangulia, haikuchelewa. Besi ikanyamaza. Mi nikaketi kitandani. Nikatoka mpaka mlangoni, nikamkuta mwenzangu amemkodolea mke wangu macho, na mi nikamkodolea. Mke wangu akasimamisha ungo.

"Mbona mnaniangalia hivyo? Mutu ameita, nimeitika. Iyo ndiyo sauti ya hii nyumba. Muko na ingine?"

Sikuwa na ingine. Ndugu zangu, kwa muda wote ule nilikuwa nahesabu kwamba mnong'ono ni mahali sauti ilipokufa. Nilipousikia unatoka kwa mutu mwingine, mutu mzima wa afya, umekaa ndani ya besi, niliusikia ulivyo. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa unamfanya msikilizaji asogee. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na mwenzangu, nikamwambia aite tena.

"Mi ni wa kuitikia," akaanza na wimbo wake wa siku zote.

"Apana," nikamwambia. "Iyo kazi imepata mwenyewe."

Msidhani ilikuwa rahisi. Kuita nilizaliwa nako. Kuitikia nilijifunza nikiwa mutu mzima na watoto, na nilijifunza vibaya. Nilikuwa natangulia. Nilikuwa nasukuma, nataka mnong'ono uwe mkubwa, nikawa nakohoa mpaka machozi. Mwenzangu naye alikuwa anaita kama anaomba radhi. Mara kadhaa tulitaka kuacha. Yeye ndiye aliyenieleza kitu ambacho alikuwa anakifanya miaka yote nyuma yangu na mi sikuwahi kukiona. "Wa kuita anaweza kufunga macho," akaniambia. "Wa kuitikia apana. We unapaswa kumuangalia, ujue anapumua wapi, umushike kabla hajaanguka." Nikakumbuka harusi zote, baa zote, na Uvira kule, mi nimefunga macho, nimeinua uso, naimba. Na yeye alikuwa ananiangalia, wakati wote, ili nisianguke. Niliona haya. Halafu nikasikia furaha, kwa sababu sasa zamu ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza kurudi mbele ya watu ilikuwa hukohuko Buterere, maji ya mafuriko mengine yamekwisha kushuka, watu wamekusanyika uwanjani kusafisha mitaro na kula pamoja baadaye. Fundi wa mitambo alinipa mikro, nikaijaribu, akaja mbio akasema mikro imekufa. Mwenzangu akamwambia, "Haijakufa, ongeza." Mi natengeneza vitu hivyo, nikamwonyesha niiweke wapi, karibu kabisa na mdomo. Watu walikuwa wanazungumza, watoto wanakimbizana, mabeleshi yanagongana. Mwenzangu akaita, "Maji yameingia." Na mi nikaitikia kwa hii mnayoisikia.

Wengine wakaguna. Nilisikia mutu anauliza, "Huyu amepatwa na nini?" Nikamtazama mwenzangu, kama alivyonifundisha. Sikutazama watu. Akaita tena. Nikaitikia tena. Akaita mara ya tatu, na ndugu zangu, mnakumbuka yule mwenye duka la sukari? Ukinong'ona, watu nao wananong'ona. Uwanja mzima, wamama, wazee, vijana wenye matope mpaka magotini, waliitikia kwa kunong'ona. "Hayakubisha hodi." Hakuna aliyewaambia. Zamani, sauti yangu ilipokuwa nzima, watu walikuwa wananipigia makofi. Siku hiyo walikuwa wanaimba nami, na kulikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mama yake mwenzangu, amesimama mbele kama siku zote, analia.

Mwenzangu aliondoa mdomo kwenye mikro yake, akaniinamia, akasema, "Umeuona?"

Nilijua anasema nini. Nikamwambia nimeuona.

Sauti yangu haijarudi. Nawaambia waziwazi ili mutu asitoke hapa na ushuhuda ambao sikuutoa. Daktari aliniangalia tena mwaka huu, mshipa bado umelala. Lakini mwezi ule mwenzangu aliokuwa anauangalia, mi nilikuwa nautafuta mahali ulipotokea mwaka uliopita. Kumbe ulikuwa upande mwingine wa mbingu, mlangoni kwangu, kwenye ungo wa mchele.

Nina shukrani. Namshukuru daktari aliyeniambia ukweli kabla na baada. Namshukuru mama yake mwenzangu, ambaye alikuwa ananitumia samaki kila wiki na hakuwahi kuniuliza ninaendeleaje. Namshukuru mke wangu, ambaye leo hakuja kwa sababu anasema hadithi hii ameshaisikia na mi namweka maneno ambayo hakuyasema. Aliyasema. Binti yetu sasa anapiga kelele kama watoto wa watu, mpaka jirani yule nisiyemtaja analalamika. Na namshukuru mwenzangu, aliyefunga mfungo usiokuwa wake na hakuuliza utaisha lini.

Dada yangu uliyekaa karibu na dirisha, uliyejifunika shingo kwa kitambaa. Nimekuona tangu umeingia, unaitikia kwa kichwa tu. Tazama, alama yangu hii hapa, nafungua kola. Sina dawa ya kukupa. Ninachojua ni kwamba ukishindwa kuita, kuna mutu atakuita, na sauti uliyobakia nayo, hata ikiwa ndogo kama hii, inatosha kumwitikia. Usimfukuze anayekuja na kukaa uani. Na kama ulishamfukuza, acha mlango wazi, wengine ni vichwa vigumu, watarudi.

Nimemaliza. Mwenzangu, inuka, angalia kichwa chako. Leta besi. Hapana, feni iacheni hivyohivyo imezimwa.

Ita, ndugu yangu. Leo tuko wengi wa kuitikia.